Barua ya Gazetini na Barua ya Faili

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama)

Bwana Rais na ndugu wanachama,

Sisi tulao mshahara wa Serikali twalijua swali hili, ingawa hatuliulizi kwa sauti: mtumishi akisema neno juu ya mambo ya nchi, je, sheria itamlinda asifukuzwe? Tumechagua habari za Marekani, kwa kuwa huko korti zimejibu kwa maandishi, na jibu lenyewe lina ajabu yake.

Mwaka 1964, katika jimbo la Illinois, mwalimu Marvin Pickering alipeleka barua kwa gazeti la mahali pake. Aliilaumu halmashauri ya shule kwa jinsi ilivyoomba fedha za kodi na ilivyozitumia, hasa katika michezo. Akafukuzwa. Halmashauri ilisema barua ina uwongo, na kweli baadhi ya hesabu zake zilikosea (hapo makarani mtatabasamu). Lakini mwaka 1968 Korti Kuu ya Marekani ilihukumu kwamba haikuwa halali kumfukuza, maadam haikuthibitika kuwa alisema uwongo kwa kujua au kwa kutojali. Jaji Thurgood Marshall alieleza kwamba yapasa kupima haki ya mtumishi kusema kama raia, na haja ya Serikali kazi zake ziende sawasawa.

Sasa sikilizeni ya pili. Richard Ceballos alikuwa mwendesha mashtaka huko Los Angeles. Mwaka 2000 aliona kwamba kiapo kilichotumiwa kuombea hati ya upekuzi kina maneno yasiyo sahihi, akawaandikia wakubwa wake, ndani ya ofisi, akishauri kesi iachwe. Baadaye alidai kwamba kwa ajili hiyo alihamishwa na kunyimwa cheo. Mwaka 2006 Korti Kuu, majaji 5 kwa 4, ilisema Katiba haimkingi: aliyoyaandika yalikuwa kazi yake, si maneno ya raia.

Ndugu, sisi tumelelewa katika desturi ya kumwambia mkubwa kwanza, faraghani. Kwa hukumu hii, mwenye kuishika desturi hiyo katika kazi yake ndiye akosaye kinga ya Katiba, na aliyekwenda gazetini huenda akaipata! Zipo sheria nyingine za kuwalinda wafichuao maovu, lakini haziwafikii wote. Jaji John Paul Stevens, mmoja wa wale 4, aliona ni kinyume kuwavuta watumishi waseme hadharani kabla ya kusema na wakubwa wao. Tungaliketi pale, tungalihesabiwa upande wake.

Bwana Rais, twangojea maswali.