Tairi Kwanza: Gari Dogo la Spoti kwenye Theluji na Barafu

Mada iliyowasilishwa kwenye semina ya madereva wazungumzao Kiswahili, Minnesota



Wengi wetu tulipofika huku tuliambiwa tununue gari kubwa ambalo injini yake inazungusha magurudumu yote manne, la sivyo theluji itatushinda. Wachache kati yenu hamkusikia ushauri huo, mkanunua Mazda MX-5, na nimeombwa nizungumze na ninyi. Lakini ninalotaka kulisema linawahusu na wenye magari makubwa. Magurudumu manne yanayovuta hukusaidia kuondoka. Hayakusaidii kusimama, na kusimama ndiko kunakoua watu. Kazi hiyo ni ya tairi. Gari dogo lenye tairi za theluji husimama mapema kuliko gari kubwa lenye tairi za kiangazi.

Tazameni hesabu. Gari lililo kwenye kilomita 50 kwa saa, juu ya lami kavu, husimama ndani ya mita 12 hadi 15 hivi tangu breki ziliposhika. Juu ya barafu mshiko unaweza kushuka hadi sehemu moja ya nane, na gari lilelile likahitaji karibu mita 100. Ukiongeza mwendo mara mbili, umbali huo unakuwa mara nne. Na barafu mbaya zaidi si ile ya usiku wa Januari, nyuzi 20 chini ya sifuri. Ni ile iliyo karibu na sifuri, yenye utando wa maji juu yake. Hiyo hukukuta Novemba asubuhi darajani, kwa sababu daraja hupigwa na baridi juu na chini na huganda kabla ya barabara iliyolala juu ya ardhi. Barabara uliyotoka nayo ilikuwa na maji tu, ukadhani na daraja ni maji.

Sasa tairi zenyewe. Magari ya spoti mengi huuzwa na tairi za kiangazi, pana, za mpira uliotengenezwa ushike kwenye joto. Joto likishuka chini ya nyuzi 7 mpira huo huanza kukakamaa, hata kama hakuna chembe ya theluji. Watengenezaji wa baadhi ya tairi hizo huonya kwamba kwenye baridi kali usilisogeze gari kabisa, maana mpira unaweza kupasuka. Mkienda dukani, tafuteni ubavuni mwa tairi alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Tairi yenye alama hiyo imejaribiwa kwenye theluji. Herufi M na S peke yake ni neno la mtengenezaji kuhusu mikato ya tairi, halina jaribio nyuma yake. Mwambieni fundi awape tairi nyembamba kidogo kuliko za kiangazi, kwa rimu inayoruhusiwa na gari lenu, kwa sababu tairi pana huelea juu ya theluji na nyembamba huikata na kufika chini.

Na zinunuliwe nne. Hili nalisisitiza kwa kuwa najua bei inavyouma. Ukifunga mbili nyuma kwa kuwa ndiko injini inakosukuma, gari litaondoka vizuri sana, kisha kwenye kona ya kwanza utazungusha usukani na pua itaendelea kunyooka. Misumari ya chuma msiulizie, sheria ya Minnesota haiwaruhusu wakazi kuitumia. Upepo mpime tairi zikiwa baridi, kwani hupungua kadiri ya paundi moja kwa kila nyuzi 5 au 6 za Selsiasi zinazoshuka.

MX-5 ilianza kuuzwa mwaka 1989 na imebaki nyepesi, tani moja hivi, uzito wake umegawanywa karibu nusu kwa nusu kati ya mbele na nyuma. Kwenye lami kavu huo ndio utamu wake. Kwenye theluji maana yake ni kwamba magurudumu yanayosukuma yamebeba nusu tu ya gari jepesi, na hukosa mshiko upesi. Mini ya zamani ilikuwa nyepesi zaidi, lakini injini yake ilikaa juu ya magurudumu yaleyale yanayovuta, na ikashinda mbio za Monte Carlo mwaka 1964, 1965 na 1967. Wengine hutia magunia ya mchanga kwenye buti la MX-5. Mimi siyapendi mazito: uzito ulio nyuma ya ekseli ukianza kuserereka ni shida kuurudisha. Mfuko mdogo unatosha, wa kumwaga chini ya tairi ukikwama.

Nataka mwone jambo moja kwa karibu. Unatoka kwenye barabara kuu kwa njia ya mzunguko, unahisi mwendo umezidi kidogo, ukaondoa mguu ghafla kwenye mafuta. Injini inayazuia magurudumu ya nyuma kama breki ya mkono, na wakati huohuo uzito unakimbilia mbele. Nyuma inaachia. Utaihisi kiunoni kabla macho hayajaona kitu. Hapo usikanyage breki. Kanyaga klachi ili magurudumu yazunguke huru, tazama kule unakotaka kwenda, si ule ukuta unaokukodolea macho, na mikono iufuate mtazamo wako. Kisha rudisha usukani mapema, kwani gari hili ni fupi: likishika tena hurudi kwa kasi upande wa pili, na huko ndiko wengi wanakopotelea. Dawa bora ni kupunguza mwendo kabla ya kona, gari likiwa bado limenyooka. Breki, usukani na mafuta visiombwe kwa pamoja, kila kimoja kipewe zamu yake.

Waliojifunzia kwenye barabara za udongo wakati wa masika tayari wana mguu mwepesi unaohitajika. Februari 2022 Mkenya McRae Kimathi aliendesha Ford Fiesta kwenye Rally Sweden, kule Umeå, juu ya theluji. Naitaja safari hiyo kila ninapoambiwa kwamba baridi si ya watu wetu.

Gari likikwama, zima kwa muda mfumo wa kuzuia magurudumu kuteleza, kama gari lako linao, utie gia ya pili na uondoke pole pole. Likitoka, uwashe tena papo hapo. Lisipotoka na ukaamua kusubiri msaada ndani huku injini inaunguruma, shuka kwanza uchimbe theluji kwenye bomba la moshi. Kwenye gari la spoti bomba liko karibu sana na ardhi, huzibwa haraka, na moshi unaorudi ndani una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu. Fungua dirisha kidogo upande usio na upepo, na kila baada ya muda shuka ulichimbe tena, hasa theluji ikiwa bado inaanguka.