Sakafu ya Ghala na Jasho la Mkulima



Mkulima wa Bukoba na Muleba huanika kahawa yake kwa siku nyingi, kisha huileta ghalani akiamini kuwa kazi imekwisha. Lakini kahawa kavu hunyonya unyevu. Unyevu huo ukizidi kama asilimia 13, ukungu huweza kuota, na ukungu wa aina fulani huacha sumu iitwayo okratoksini, ambayo hata moto wa kukaangia hauimalizi. Nchi za Ulaya zimeiwekea sumu hiyo kikomo kwa sheria. Kwa hiyo habari ya sakafu ni habari ya bei.

Wengi hudhani kwamba zege huzuia maji. Sivyo. Zege lina vitundu vidogo visivyoonekana, na maji ya ardhini hupanda humo kama mafuta ya taa yanavyopanda katika utambi. Tena, tetemeko la tarehe 10 Septemba, 2016 liliacha nyufa katika majengo mengi ya mkoa wetu. Na kila ufa ni njia ya maji.

Basi, kabla chama hakijatoa fedha za rangi ya sakafu, kifanye jaribio hili. Bandikeni kipande cha nailoni cha nusu mita mraba juu ya sakafu, mkizibe kingo zote kwa utepe. Kiacheni kwa muda usiopungua saa 16. Mkikuta matone chini yake, au zege limekuwa jeusi, unyevu unatoka chini. Hapo rangi ni hasara: itafura, itabanduka, na magamba yake yatachanganyika na kahawa. Chimbeni kwanza mtaro wa kuondoa maji ukutani. Na mnapojenga sakafu mpya, tandikeni nailoni nzito chini ya zege.

Sakafu ikiwa kavu, zibeni nyufa, sugueni, ondoeni mafuta na vumbi, ndipo mpake. Zege jipya lingoje siku 28. Baada ya kupaka, msiingize kahawa mpaka harufu iishe kabisa, kwa maana kahawa hushika harufu upesi.

Na chama kisicho na fedha kisikate tamaa. Kianze na chaga za mbao, magunia yasiguse sakafu wala ukuta. Sakafu iliyopakwa vizuri nayo haiondoi haja ya chaga.

Mkulima ametukabidhi jasho lake likiwa kavu. Tumrudishie thamani yake.