Waya wa Tatu: Ufundi, Cheti na Kazi Isiyoonekana



Naomba mtazame kitu hiki nilichokishika. Ni soketi ya ukutani, ya matundu matatu, kama zile zilizoko nyuma yenu. Niliing'oa wiki iliyopita katika mtaa wa Bwaise hapa Kampala, kwenye chumba cha kupanga, katika mojawapo ya nyumba zile tunazoziita "mizigo", ambamo vyumba kumi huchangia mita moja ya Yaka, ile ya kulipia umeme kabla ya kuutumia. Mbele ni safi, haina hata ufa. Nyuma kuna nyaya mbili tu, layini na nyutro. Waya wa tatu, ule wa eathi, ulifika mpaka ndani ya kisanduku, kisha fundi akaukata na kuukunja ukutani. Nilipomwonyesha mama mwenye chumba, alinishangaa: "Mwalimu, taa si inawaka?"

Swali lake ndilo lililonileta hapa jioni hii.

Layini huleta umeme, nyutro huurudisha. Waya wa tatu unaweza kukaa miaka ishirini bila kazi yoyote. Siku layini inapochubuka na kugusa bati la pasi, ndipo unapohitajika: unaubeba umeme uliopotea njia na kuupeleka ardhini kwa kishindo, hadi swichi ya bodi inajikata. Usipokuwepo, bati la pasi linabaki na umeme wake, likisubiri mkono wa mtu.

Na msidhani kwamba swichi ya kawaida itamwokoa mtu huyo. Pasi ya wati 1,000 kwenye umeme wetu wa volti 240 hula ampea 4 na kitu. Kinachotosha kuvuruga mapigo ya moyo ni chini ya sehemu moja ya kumi ya ampea. Kwa swichi ya ampea 20, mtu anayekufa ni mzigo mwepesi kuliko pasi. Waganda huuita umeme amasannyalaze, neno la ukoo mmoja na okusannyalala, yaani kufa ganzi, kupooza. Wazee walioupa umeme jina hilo hawakutaja mwanga wake. Walitaja unavyoufanya mwili.

Hoja yangu ni hii: ufundi hupimwa kwa kazi isiyoonekana, na sisi sote, kuanzia darasani hadi kwa mwenye nyumba, tunatahini na kulipia ile inayoonekana.

Tuanze na nyumbani kwetu. Makerere, tunayoikumbuka kwa majoho yake, ilifunguliwa mwaka 1922 kwa vijana 14 waliojifunza useremala, ujenzi na umakanika. Mafunzo ya ufundi yakaja kuhamishiwa kwenye kilima hiki cha Kyambogo mwaka 1958. Shule ikakua, ikawa Politekniki, na mwaka 2003 ikaunganishwa na chuo cha ualimu na taasisi ya elimu maalumu kuwa chuo kikuu. Mara mbili tumeanzisha shule ya mikono, na mara mbili tumeipandisha kuwa chuo kikuu. Sina ugomvi na vyuo vikuu; ndivyo vinavyonilisha. Lakini kila tulipopanda ngazi, nyundo tuliiacha chini, na wazazi wakaona. Ndiyo maana leo mzazi wa Kampala husema "nimempeleka ufundi" kwa sauti ile ile anayosemea kwamba mtoto amefeli.

Wakati bwawa la Owen Falls, leo Nalubaale, linafunguliwa mwaka 1954, fundi mwenye jina mjini mara nyingi alikuwa Mhindi, na kwa wengi alikuwa Kalasinga, yaani Sikh. Mwaka 1972 Idi Amin aliwafukuza Waasia, na karakana nyingi zikabaki bila mabwana zake. Vijana wa mtaa wa Katwe na kwingineko waliziba pengo hilo bila mwalimu wala kitabu. Walifungua kifaa kilichokufa, wakakitazama, wakakifufua. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Na mji huu ulielea kwa mikono yao miaka ambayo vipuri havikupatikana.

Akili hiyo naiheshimu. Ila ina upofu mmoja. Anayejifunza kwa kutengeneza husahihishwa na kifaa chenyewe. Ukikosea kusuka mota, haizunguki, na somo unalipata papo hapo. Ukiikata eathi, hakuna kinachokusahihisha. Taa inawaka, mwenye nyumba anafurahi, unalipwa. Unaweza kurudia kosa hilo nyumba mia moja, ukaitwa fundi mzoefu. Uzoefu pekee hauwezi kufundisha hatari ambayo haijatokea. Hapo ndipo penye haja ya shule, ya mwalimu na ya mtihani.

Na shule tunazo. Chuo cha Nakawa kimekuwa kikifundisha ufundi tangu 1971, kwa msaada wa Wajapani. Kituo cha Lugogo kilifungua mlango kwa fundi aliyejifunzia kazini: alitahiniwa kwa vitendo, na alichokiweza kikaandikwa kwenye kijitabu cha ujuzi kiitwacho Worker's PAS. Ni wazo zuri, kwa kuwa linamheshimu mtu wa Katwe bila kumlazimisha kurudi darasa la saba. Nchini Ujerumani kijana wa umeme hutumia miaka mitatu na nusu akigawa siku zake kati ya shule na mwajiri. Hatuna waajiri wa kutosha kuiga mpango huo mzima, lakini jambo moja tunaweza kuliiga: kijana yule hafanyi kazi peke yake kabla mtu mwingine hajaipima.

Tatizo letu ni kwamba kupima kumegeuka karatasi. Sheria ya Umeme ya 1999 iliunda mamlaka ya udhibiti, ERA, na anayefunga nyaya za nyumba anatakiwa awe na kibali chake. Lakini kila fundi aliyeketi humu anaijua biashara ya kukodisha saini. Mwenye kibali anasaini nyumba ambayo hajaikanyaga. Aliyevuta nyaya ni kijana mwingine, na jina lake haliandikwi popote. Tunamlaani kamyufu, fundi wa wizi anayepanda nguzo usiku, yule ambaye ndugu zetu wa Tanzania humwita kishoka. Kamyufu ni mhalifu, sibishi. Lakini hajamwahidi mtu usalama. Aliyesaini bila kupima ameahidi.

Na mimi nisijifiche nyuma ya meza hii. Nilipojenga kule Kira, fundi aliniandikia bei. Ndani yake mlikuwa na nondo ya shaba ya eathi, na ile swichi inayokata umeme unapovuja miliampea 30 tu. Nikamwambia, "Ssebo, punguza." Akapunguza. Sikumuuliza amepunguza nini. Fedha iliyobaki nilinunulia taa za urembo za sebuleni. Miaka minne baadaye mke wangu alirushwa na mlango wa friji. Fundi alikuwa na kosa, lakini kosa hilo nilikuwa nimelinunua mwenyewe, kwa bei ya chini.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu. La kwanza, mtihani wa fundi usiishie kwenye balbu kuwaka. Mtahiniwa apewe nyumba inayowaka vizuri, yenye kasoro iliyofichwa, na chombo cha kupimia. Akiikosa kasoro, arudi akajifunze. Wanafunzi wangu wa uhandisi nao wapitie mtihani huo huo. La pili, cheti cha nyaya kibebe majina mawili, la aliyevuta na la aliyepima, pamoja na tarehe na kipimo cha eathi kwa omu. Saini isiyo na kipimo isipokelewe. La tatu, gharama ya kupima iandikwe mstari wake peke yake kwenye bei ya fundi, ili mteja akitaka kuifuta aifute kwa kalamu yake mwenyewe, akijua anafuta nini.

Tangu Aprili 2025, baada ya miaka 20 ya kampuni binafsi ya Umeme, usambazaji wa umeme umerudi mikononi mwa kampuni ya serikali, UEDCL. Mjadala mjini ni wa nguzo, transfoma na bei ya yuniti, na ni wa haki. Lakini hata mkataba ubadilike mara ngapi, hakuna kampuni itakayoingia kwenye kuta zenu kuunganisha waya uliokatwa.

Mkirudi nyumbani, mwiteni fundi mnayemwamini. Msimwombe awashe taa. Mwambieni azime umeme, afungue soketi moja mbele yenu, kisha hesabuni nyaya. Zinatakiwa ziwe tatu.