Nani Anayemwajiri Kocha?

Hotuba ya afisa wa habari wa kaunti kwa makocha, walimu wa michezo, viongozi wa timu na mashabiki, Osieko



Nimeombwa nizungumze kuhusu uhusiano kati ya serikali ya kaunti na vilabu vya mpira. Nitaanza na jambo ambalo hufika ofisini mwetu mara kwa mara kuliko habari za nyavu za magoli au sare za wachezaji. Timu ikipoteza mechi mbili, tunaanza kupokea simu na jumbe: mwambieni Gavana amwondoe kocha. Wengine hutaja na jina la kocha wanayemtaka, na mara nyingi huwa ni mtu wa kwao.

Niseme wazi. Katiba yetu, katika Jedwali la Nne, imeipa kaunti kazi ya shughuli za michezo na viwanja vyake. Haikuipa kazi ya kumchagulia klabu kocha. Kocha wa klabu huajiriwa na klabu. Kocha wa shule ni mwalimu aliyeletwa na TSC, au ni mtu aliyechukuliwa na bodi ya shule. Gavana hana barua ya kumwandikia hata mmoja kati yao.

Lakini kusema hivyo na kuketi chini hakutoshi, kwa sababu sote tunajua kuwa shabiki ana nguvu. Hana ofisi wala muhuri, na bado makocha huja na kwenda kwa sauti yake. Swali langu kwenu leo ni hili: nguvu hiyo inatumika wakati gani, na bili inalipwa na nani?

Wengi wenu hapa ni wa K'Ogalo au wa Ingwe, na kuna wachache wenye mioyo yao ng'ambo ya mpaka kwa Cranes. Basi nitawapa hadithi inayotugusa sote, kwa sababu mhusika wake alitoka Kampala akaja Nairobi.

Bobby Williamson, raia wa Scotland, alichukua timu ya taifa ya Uganda mwaka wa 2008. Alishinda Kombe la CECAFA zaidi ya mara moja. Oktoba 2012, pale Namboole, Uganda ilikosa kwenda Kombe la Mataifa ya Afrika kwa penalti tu, mbele ya Zambia waliokuwa mabingwa. Machi 2013 wakafungwa na Liberia katika mechi ya kufuzu Kombe la Dunia. Lawama zikamwelemea kocha, na mwezi uliofuata kazi yake ikaisha. Waganda wengi walipumua. Kabla ya mwaka kuisha, huyo huyo aliyeonekana amechoka alikuwa amekalia benchi la Gor Mahia, na Gor wakachukua ligi ya 2013, taji ambalo walikuwa hawajaligusa tangu 1995. Mashabiki wa K'Ogalo mliopo hapa mnakumbuka jinsi mlivyolala usiku huo, kama mlilala.

Sasa upande wa taifa letu. Wakati huo Harambee Stars ilikuwa mikononi mwa Adel Amrouche. Tarehe 12 Desemba 2013, siku ya Jamhuri, nchi ikisherehekea miaka 50 ya uhuru, Kenya iliifunga Sudan 2-0 Nairobi na kutwaa Kombe la CECAFA. Amrouche alibebwa juu juu. Miezi minane baadaye, mwanzoni mwa Agosti 2014, tukashindwa kuitoa Lesotho katika mechi za kufuzu Kombe la Mataifa ya Afrika. Tulifungwa 1-0 kwao, tukatoka sare tasa nyumbani. Lesotho! Hasira ilikuwa kubwa, na sisemi kwamba haikuwa na sababu. Siku chache tu baadaye, shirikisho lilimfuta Amrouche pamoja na benchi lake la ufundi. Aliyeletwa mahali pake? Bobby Williamson, kipenzi cha umma wakati huo.

Wengi tulidhani hadithi imeishia hapo. Amrouche alikuwa na mkataba ambao muda wake haukuwa umeisha, na aliupeleka FIFA. Kesi ikaenda miaka. Ilipofika mwaka wa 2020, Kenya ilikuwa inadaiwa zaidi ya Sh100 milioni kwa ajili ya kocha huyo mmoja, na kukawa na tishio la kuondolewa katika mechi za kufuzu Kombe la Dunia la 2022. Naye Williamson, baada ya kuondolewa, alikwenda mahakamani hapa Kenya kudai chake. Kwa hiyo tulimfukuza mmoja kwa hasira, tukamleta mwingine kwa shangwe, na wote wawili wakaishia kutudai.

Pesa hizo ni viwanja vingapi? Hilo hesabuni wenyewe mkiwa njiani kurudi nyumbani.

Msije mkasema afisa wa kaunti amekuja Osieko kuwatukana mashabiki. Kuna nyakati ambapo mashabiki waliona mbali kuliko wakubwa. Mwaka wa 2008 Francis Kimanzi, Mkenya mwenzetu, aliivusha Harambee Stars hadi hatua ya mwisho ya kufuzu Kombe la Dunia la 2010. Desemba ya mwaka huo tulikuwa nambari 68 katika orodha ya FIFA, nafasi ambayo hatujawahi kuipita. Mapema mwaka wa 2009 aliondolewa baada ya kutofautiana na viongozi. Mitaani watu walisema mwacheni, timu inaenda vizuri. Hawakusikizwa. Akaletwa Antoine Hey kutoka Ujerumani, na kufikia Novemba mwaka huo huo Hey hakuwepo tena, nasi tukamaliza kundi letu bila Kombe la Dunia na bila Kombe la Afrika. Katika jambo hilo shabiki wa kawaida aliyekuwa akisikiliza redio kando ya ziwa alikuwa na akili kuliko kamati.

Na kuna wakati ambapo kelele ni haki kabisa. Julai 2020, Luc Eymael, aliyewahi kuifundisha AFC Leopards, aliwatolea mashabiki wa Yanga kule Tanzania maneno ya dharau na ubaguzi. Klabu ilimfukuza mara moja. Hapo hakuna la kujadili. Anayewadharau watu wanaolipa kiingilio hana kazi katika klabu ya watu.

Jambo hili si la Afrika pekee. Marekani, timu za vyuo vikuu zinachezea viwanja vya kuingiza watu zaidi ya 100,000, na kocha wa chuo anaweza kulipwa kuliko gavana wa jimbo lake. Novemba 2017 Chuo Kikuu cha Tennessee kilikuwa kimekubaliana na kocha anayeitwa Greg Schiano. Habari zilipovuja, mashabiki waliandamana chuoni, wakaandika maneno makali kwenye jiwe kubwa linalopakwa rangi pale, hata wanasiasa wa jimbo wakaingilia. Siku hiyo hiyo mpango ukafa. Siku chache baadaye mkurugenzi wa michezo naye akatolewa. Chuo kikamchukua Jeremy Pruitt. Januari 2021 Pruitt alifukuzwa kwa sababu ya makosa ya usajili wa wachezaji, na chuo kikaja kupigwa faini ya dola milioni 8. Sisemi Schiano angefanya vizuri zaidi. Nasema kwamba mashabiki walikuwa na uwezo wa kusema nani hawamtaki, lakini kazi ya kumchunguza anayekuja ilihitaji watu waliotulia.

Turudi kwetu. Gor Mahia na AFC Leopards ni vilabu vya wanachama. Havina tajiri mmoja mwenye ufunguo. Kwa hiyo mwenyekiti anayetaka kura huogopa jukwaa. Timu ikifungwa Jumapili, Jumatatu anatafuta mtu wa kutupa, na wa kwanza karibu naye ni kocha. Angalieni Leopards. Walichukua ligi mara ya mwisho mwaka wa 1998. Baada ya hapo, hasa kuanzia 2013, Ingwe walibadilisha makocha kama abiria wa matatu ya Malaba: Mbelgiji, Mholanzi, Mkroeshia, Mwingereza, Mromania, Mwajentina, Mserbia. Taji halikuja. Kilichokuja ni madeni. Mdhamini mkubwa, SportPesa, alipojiondoa mwaka wa 2019, mishahara ilikwama, na kocha Andre Casa Mbungo kutoka Rwanda akaondoka. Deni lake likawa miongoni mwa madeni yaliyofanya FIFA iifungie klabu kusajili wachezaji wapya.

Kinyume chake, Leopards walipompata Patrick Aussems mwaka wa 2021, walimvumilia zaidi ya miaka miwili. Huyu ni kocha aliyeifikisha Simba robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika msimu wa 2018/19, kisha Simba wakamfukuza Novemba 2019. Alipokuwa Ingwe hakuleta kombe la ligi, lakini vijana wengi walicheza chini yake na timu haikutikisika kila wiki. Kwangu mimi hayo ni mafanikio, ingawa najua shabiki wa Ingwe atanizomea nikitoka hapa.

Kuna jambo la karatasi pia. Mwishoni mwa mwaka wa 2020 Gor Mahia walikuwa na kocha kutoka Brazil, Roberto Oliveira. Siku ya kuingia Ligi ya Mabingwa ilipofika, CAF ilisema leseni yake haifai, na Sammy Omollo akalazimika kusimamia timu. Kwa hiyo unapopaza sauti ukitaka fulani apewe timu, uliza kwanza: ana leseni gani? Ni swali dogo tu, lakini nimeshasoma jumbe nyingi za mashabiki na sijaona hata moja linapoulizwa.

Kwa shule, nitasema kwa uchungu kidogo. Mwalimu wa michezo anafundisha Hisabati asubuhi, anasahihisha madaftari jioni, na katikati anafunza mpira, mara nyingi bila shilingi ya ziada. Muhula wa pili unapofika, timu ikitolewa ngazi ya kaunti kabla ya kufika mkoa, wanafunzi wa zamani wanaanza: huyu mwalimu ahamishwe. Wengine wamefika shuleni kwa magari kumtafuta mwalimu mkuu. Ndugu zangu, yule mwalimu akihamishwa, haondoki na mpira peke yake. Kidato cha Nne kinabaki bila mwalimu wa Hisabati mwezi wa Julai. Mzazi aliyepiga kelele zaidi huwa ni wa kwanza kulia matokeo yakitoka.

Sasa niseme yale ambayo afisa wa serikali anapaswa kusema, kwa sababu timu za wadi zinakaribia kuchagua makocha wa msimu ujao, na nimesikia kuna timu mbili hapa zenye mvutano.

Sheria ya Ajira ya 2007 haimsahau kocha kwa sababu anavaa kaptura. Kazi ikizidi miezi mitatu, mkataba uwe wa maandishi. Kocha anayelipwa kwa mwezi apewe notisi ya siku 28 isipokuwa mkataba unasema zaidi. Na kama mnamwondoa kwa sababu ya kazi mbaya, sheria inataka aelezwe sababu na asikizwe kwanza, akiwa na mwenzake kama anataka. Kumfukuza kocha kwa kipaza sauti katikati ya uwanja, mbele ya watoto wake, si kumfukuza kisheria. Ni kumtengenezea kesi.

Klabu isajiliwe kwa Msajili wa Michezo chini ya Sheria ya Michezo ya 2013. Mkiwa mmesajiliwa mna katiba, mna wanachama, na mna mkutano wa mwaka. Shabiki anayetaka sauti katika uteuzi wa kocha alipie kadi ya uanachama na aje kwenye mkutano huo. Huko anaweza kuuliza maswali magumu: bajeti ya kocha inatoka wapi, lengo la msimu ni nini, tutampima baada ya mechi ngapi? Yaandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano. Kisha timu ikifungwa Jumamosi, mwenyekiti ana karatasi ya kuonyesha: tulikubaliana mechi kumi, hii ni ya tatu.

Kwa wale vijana walionifuata nje kabla sijaanza wakiniambia kocha wao anapendelea wachezaji wa ukoo wake: malalamiko hayo ni mazito, na hayafai kuzimwa kwa neno la uvumilivu. Yapelekeni kwa kamati kwa maandishi, na majina ya mechi na wachezaji. Kamati ikikaa kimya, ofisi ya michezo ya kaunti ndogo inaweza kuwakalisha pamoja. Kuwakalisha, nasisitiza, si kumfuta mtu.

Maswali nitayapokea sasa. Naomba makocha wapewe kipaza sauti kwanza, kwa sababu katika vikao vya namna hii wao huwa wa mwisho kuulizwa.