Mvua ya Njahi Ikiisha: Mtunza Bustani na Miezi ya Baridi



Aprili na Mei hapa Nyeri hakuna anayeuliza mtunza bustani anafanya kazi gani. Mvua ya njahi inanyesha, na uwanja uliokatwa nyasi Jumatatu unataka kukatwa tena Jumatatu ijayo. Hafungui siku kwa mashine, maana nyasi zenye umande hugandamana kwenye kisu. Asubuhi ni ya reki, wilbaro na mkasi. Ua wa kayaba huutengeneza akiwa na glavu nzito. Mwiba wake ukivunjikia kidoleni, kazi ya siku hiyo imeharibika.

Nyasi zenyewe ni za hapa. Nyasi ya kikuyu asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki. Ilipelekwa Australia, Afrika Kusini hata California, na huko wengine huipanda viwanjani huku wengine wakiilaani kwa sababu haizuiliki. Wa Nyeri anaijua tabia hiyo vizuri: ukiisahau wakati wa mvua, utaikuta katikati ya waridi.

Kisha Juni huingia. Mvua hupungua, mawingu hushuka, Mlima Kenya hujificha siku nyingi, na nyasi hupunguza mwendo. Hapo ndipo simu huanza: "Usije wiki hii, nyasi bado ni fupi." Aliyekuwa na nyumba tano hubaki na mbili. Karo ya watoto haifupiki pamoja na nyasi.

Mwajiri anayepiga simu hiyo anajipunja mwenyewe pia. Baridi yenye unyevu huleta ukungu mweupe kwenye waridi. Majani yaliyougua yasipookotwa na matawi yaliyosongamana yasipopogolewa, ugonjwa huenea. Rundo la nyasi zilizokatwa Mei ni mali: likichanganywa na majani makavu na samadi, kisha likigeuzwa mara kwa mara, mboji hupatikana kabla ya mvua ya mwere ya Oktoba. Mifereji iliyojaa tope huzibuliwa sasa, si siku mvua inapogonga mabati. Na miche ya kupandwa Oktoba haioti yenyewe. Kitalu huanza mapema.

Kwenye hoteli jambo hili linaeleweka, kwa kuwa Julai na Agosti ndiyo miezi ya wageni wengi. Wapo wanaokuja Nyeri kuona Paxtu, nyumba ndogo katika uwanja wa hoteli ya Outspan alimoishi Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, hadi alipofariki tarehe 8 Januari 1941, na kaburi lake linaloelekea mlima. Husoma jiwe, hupiga picha. Aliyeweka nyasi sawa pembeni hamuulizi mtu.

Upande wa Kieni na Naro Moru hali ni nyingine. Huko mvua ni haba kuliko Othaya au Tetu, na mtunza bustani huanza kuhesabu maji mapema: huweka matandazo kwenye mashina, humwagilia jioni, na nyasi huziacha ndefu kidogo ili udongo usikauke.

Sasa habari ya malipo. Amri ya serikali ya mishahara ya chini humtaja mtunza bustani waziwazi, kwa hiyo "nitakupa chochote" si bei. Tena Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 37, inasema kibarua aliyefanya kazi siku mfululizo ambazo jumla yake ni sawa na mwezi mmoja au zaidi, huyo si kibarua tena. Anahesabiwa kuwa mwajiriwa wa mwezi, na hafukuzwi bila notisi. Mkataba wa miezi mitatu au zaidi unapaswa kuandikwa.

Anayefika nyumba moja siku moja kwa wiki ana ugumu zaidi, kwa kuwa siku zake si mfululizo. Kinga yake ni kupatana mapema, Mei, kabla nyasi hazijapunguza mwendo. Karatasi moja inatosha: siku za kuja kuanzia Juni hadi Septemba, kazi zitakazofanywa, malipo ya kila siku, na nani atakayenunua glavu.