Sauti ya Abbey Lincoln na kifo cha Lumumba

Maneno yaliyosemwa Baraka, mbele ya vijana na vikundi vya wamama



Tumeombwa kuzungumza juu ya muziki na haki za watu. Tungeweza kumchagua Kabasele na African Jazz yake, waliokwenda Brussels Januari 1960 wakati wa Meza ya Duara, na ambao wimbo wao wa uhuru ninyi nyote mnaujua, hata wale wasioelewa Kilingala. Lakini tumechagua mtu ambaye wengi hapa hamjamsikia. Ni mwimbaji wa jazi kutoka Marekani, Abbey Lincoln. Ana deni kwetu, au labda sisi ndio tuna deni kwake.

Alizaliwa Chicago tarehe 6 Agosti 1930, akaitwa Anna Marie Wooldridge, mtoto wa kumi kati ya watoto kumi na wawili. Alilelewa shambani, jimbo la Michigan. Katika miaka ile, kusini mwa Marekani, mtu mweusi hakuruhusiwa kukaa mbele ndani ya basi, na mara nyingi alizuiwa kupiga kura. Abbey alianza kwa kuimba nyimbo za mapenzi katika vilabu. Mwaka 1956 alionekana katika sinema moja akiwa amevaa gauni lililowahi kuvaliwa na Marilyn Monroe. Watu walilisifu gauni kuliko sauti. Baadaye alilitia motoni. (Wasichana, msiende nyumbani kuchoma nguo za sikukuu! Yeye alichoka kutazamwa bila kusikilizwa.)

Mwaka 1960 aliimba katika sahani ya Max Roach, mpiga ngoma mkubwa, ambaye walioana mwaka 1962. Sahani hiyo inadai uhuru tangu jina lake. Ndani yake kuna kipande chenye sehemu tatu: sala, upinzani, amani. Hakina maneno. Katika sehemu ya pili Abbey anapiga kelele tu, kelele za mtu anayeumizwa, na ngoma inamfuata. Tuangalie mpangilio huo. Amani imewekwa mwisho, na hakuna aliyeruka sehemu ya pili ili kuifikia haraka.

Sasa tufike kwetu. Patrice Lumumba aliuawa Katanga tarehe 17 Januari 1961, pamoja na Mpolo na Okito. Habari ilifichwa hadi tarehe 13 Februari. Siku mbili baadaye, wakati balozi wa Marekani Adlai Stevenson alipokuwa akisema katika Baraza la Usalama la ONU mjini New York, watu weusi wapatao sitini walisimama wakapaza sauti. Abbey Lincoln alikuwa mmoja wa wamama walioandaa jambo hilo, pamoja na Maya Angelou na Rosa Guy. Wengine walikuwa wamejifunika vitambaa vyeusi, kama watu waliofiwa. Walinzi waliwatoa, kukawa na vurugu, na kikao kikasimama. Walimlilia Lumumba kama ndugu wa nyumbani.

Katika ONU kulikuwa na Ralph Bunche, naye mtu mweusi wa Marekani, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 1950 na aliyekuwa Kongo mwaka 1960. Yeye aliomba radhi kwa ajili ya kelele zile. Sisi tunaofanya kazi ya upatanisho tunafanana na Bunche kuliko Abbey, na jambo hili linatusumbua. Mara ngapi mama amesimama mkutanoni, ameanza kulia na kutaja waliouawa, nasi tukamwambia: mama, nyamaza, tuko hapa kwa ajili ya amani?

Abbey alilipa. Mwandishi mmoja wa gazeti la jazi alimlaumu kwamba ameufanya weusi wake kuwa kazi. Baada ya sahani yake ya 1961 hakurekodi nyingine kwa jina lake mwenyewe hadi 1973.

Na huku kwetu? Wazee wanajua kuliko sisi. Waliojiita wafuasi wa Lumumba walichukua silaha mwaka 1964, Che Guevara akavuka ziwa kutoka Kigoma Aprili 1965, na mwezi wa Septemba mwaka uleule mamluki wa Mike Hoare wakaishambulia Baraka kutoka majini. Kila upande ulisema unapigania Kongo. Ni raia waliokimbilia milimani.

Kuna jambo moja gumu. Katika miaka ya 1970 Abbey alizuru Afrika. Guinea, Rais Sékou Touré alimpa jina Aminata. Zaire, waziri wa habari alimpa jina Moseka, na anayejua Kilingala anajua kwamba maana yake ni msichana, mwali. Alilipenda, akalitumia miaka mingi. Lakini waziri huyo alikuwa wa serikali ya Mobutu, yule ambaye askari wake walimkamata Lumumba mwaka 1960, na ambaye mwaka 1966 alimtangaza kuwa shujaa wa taifa. Hatumhukumu mama huyu kwa kupokea jina. Tunasema tu kwamba mkono unaotoa sifa unaweza kuwa uleule uliofunga kamba, na Fizi tumeona mambo kama hayo zaidi ya mara moja.

Alirudi kwa nguvu kuanzia 1990, akiimba nyimbo alizotunga mwenyewe. Alifariki New York tarehe 14 Agosti 2010. Hakuona Ubelgiji ikirudisha jino la Lumumba, tarehe 20 Juni 2022, kitu pekee kilichobaki cha mwili wake. Jino hilo lilizikwa Kinshasa siku kumi baadaye.

Sasa tutasikiliza kipande kile cha sehemu tatu. Kinachukua kama dakika nane. Wenye watoto wachanga wanaweza kukaa karibu na mlango, maana sehemu ya katikati ni kelele kweli, na hatutapunguza sauti. Baadaye wamama ndio watakaoanza kusema.