Mshahara wa Msomi na Anayeulipa
(Sehemu ya mazungumzo na walimu wa sekondari, Mji Mkongwe, Unguja)



Mwanafunzi wa kidato cha sita anapowauliza asome sheria, uhandisi au kazi hii iitwayo ushauri wa biashara, mara nyingi analotaka kujua ni moja: ipi inalipa zaidi? Tusimkemee. Suala la mshahara wa msomi liliwahi kuitikisa nchi.

Tarehe 22 Oktoba, 1966, wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana hadi Ikulu, Dar es Salaam, kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, likiwamo la kupokea asilimia 40 tu ya mshahara. Mwalimu Nyerere aliwafukuza zaidi ya 300, na papo hapo akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Wengi wanakumbuka kule kufukuzwa. Mimi naona lile la pili ndilo zito, maana vijana wale hawakujipangia wao mishahara ya wasomi.

Chuo hicho kilianza mwaka 1961 na kitivo kimoja tu, cha sheria. Uhandisi ulisubiri hadi 1973. Lakini si umri wa fani wala ugumu wa masomo unaopanga malipo. Anayepanga ni mlipaji. Wakili hulipwa na mwenye kesi, na mwenye hoteli ya Nungwi ana uwezo kuliko mwenye kesi ya minazi miwili. Mshauri hulipwa na kampuni au mfadhili, tena kwa siku, na ripoti yake ikishapokewa hadaiwi kitu. Mhandisi wa Serikali hulipwa kwa ngazi. Ukuta ukipata ufa miaka kumi baadaye, huulizwa yeye. (Uandishi wa habari, nilioufuata mimi, naomba tusiulinganishe na chochote.)

Mji huu ni wa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti. Tarehe 25 Desemba, 2020, sehemu ya Beit el Ajaib, jumba la mwaka 1883, iliporomoka likiwa katika matengenezo, na watu wawili wakafariki.

Basi mwanafunzi akiuliza, mtajieni mishahara yote mitatu bila kuficha, na mwambieni nani huilipa. Nanyi ndugu watumishi mnaoshika mafaili ya ngazi za mishahara, kijana aliyesomea majengo akiitwa na mjenzi wa hoteli kwa malipo makubwa kuliko yenu, mmemwandalia nini ili abaki kuzikagua nyumba za Malindi na Mkunazini?